Chupa ya mwaka aliozaliwa

Familia moja mjini Adelaide, kusini mwa Australia, ilitumia wiki tatu kujadili chupa moja ya mvinyo. Majirani wangecheka, maana nchi hiyo haina uhaba wa mvinyo. Lakini chupa yenyewe ilikuwa ya mwaka 1986, na ilikuwa imelala kwenye rafu ya chumba cha chini ya nyumba tangu mwaka 1991. Baba wa familia, mwalimu mstaafu wa kemia, alikuwa anatimiza miaka 80 mwezi Julai na alitaka ifunguliwe siku hiyo kwenye chakula cha jioni, watoto na wajukuu wakiwepo. Aliinunua kwa ajili ya mwanawe wa pili, aliyezaliwa mwaka huo wa 1986. Na mwana huyo, ambaye sasa ana mke na mtoto wa kiume, hajaonja pombe kwa miaka minne.

Kumwekea mtoto mvinyo wa mwaka aliozaliwa ni jambo la kawaida kwa watu wa kule. Adelaide imezungukwa na mashamba ya mizabibu. Bonde la Barossa liko mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na baadhi ya mizabibu yake ilipandwa miaka ya 1840 na walowezi, wengi wao Wajerumani waliotoka Silesia. Bado inazaa, kwa sababu filoksera, kile kidudu kilichoangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, hakijafika katika jimbo hilo. Mahali panapoitwa Seppeltsfield, mwaka 1878, mwenye shamba alitenga pipa moja la mvinyo mtamu akaagiza lisiguswe kwa miaka 100. Mwaka uliofuata likatengwa lingine, na hivyo hivyo kila mwaka. La kwanza lilifunguliwa 1978. Leo mgeni anaweza kufika pale akalipa, akaonjeshwa mvinyo kutoka kwenye pipa la mwaka wake wa kuzaliwa.

Mtu anayeishi jirani na mambo hayo haoni ajabu mwalimu kununua chupa, kuandika jina la mtoto kwenye kipande cha karatasi, kukifunga shingoni mwa chupa na kuilaza gizani.

Tena si kila mvinyo unafaa kuwekwa. Sehemu kubwa ya unaouzwa madukani hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache, na ukiuhifadhi miaka 30 utafungua kitu kisichofaa hata kupikia. Mwalimu alilijua hilo. Kwa watoto wake wawili alichagua Grange, mvinyo mwekundu wa kampuni ya Penfolds, unaotengenezwa zaidi kwa zabibu za Shiraz. Aliyeuanzisha, Max Schubert, alikwenda Ulaya mwaka 1950, akaona huko Bordeaux jinsi watu wanavyotengeneza mvinyo wa kukaa miongo kadhaa, akarudi na kuanza majaribio mwaka 1951 pale Magill, kitongoji cha Adelaide. Wakubwa wake waliuonja ungali mchanga na mkali, wakaudharau, na mwaka 1957 wakamwamuru aache. Hakuacha. Aliutengeneza kwa kificho kwa mavuno matatu, ya 1957, 1958 na 1959. Ule wa mwanzoni ulipoonjwa tena ukiwa umekomaa, amri ikageuzwa, na mwaka 1960 akaruhusiwa kuendelea waziwazi.

Sasa chupa mpya ya Grange huuzwa karibu dola 1,000 za Australia. Mwaka 1991 bei ilikuwa chini mno ya hapo, ingawa kwa mshahara wa mwalimu mama watoto bado alinuna wiki nzima. Mvinyo huo hukaa miaka kadhaa kwa mtengenezaji kabla ya kuuzwa, kwa hiyo ule wa 1986 ulitoka mtoto akiwa ameshaanza shule. Alikwenda dukani na baba yake, na chupa akaibeba mwenyewe kwa mikono miwili hadi kwenye gari.

Baba huyu alikuwa na tabia ya kuwafundisha watoto wake kunusa. Si kunywa, kunusa. Jumapili, chakula kikiwa mezani, alimimina kiasi cha vijiko viwili kwenye glasi, akamsogezea mtoto na kuuliza: unasikia harufu gani? Dada mkubwa alijibu "zabibu" kila mara ili amalize upesi akacheze. Mdogo alikuwa na pua ya ajabu. Akiwa na miaka tisa alisema mvinyo aliopewa unanuka kama mkoba wa shule ulionyeshewa mvua. Baba, aliyekuwa ameshakunywa nusu glasi bila kushtuka, alinusa tena na kukuta mtoto amesema kweli. Ipo kemikali inayojulikana kwa kifupi kama TCA, ambayo hutokea kwenye vizibo vya gome la mti. Chembe yake ndogo sana inatosha kuufanya mvinyo unuke boksi lililolowa. Haimdhuru mnywaji, ila mvinyo ndiyo basi tena. Mwalimu wa kemia alijivuna kwa pua ya mwanawe. Alikisimulia kisa hicho kwa walimu wenzake kwa miaka mingi.

Alipofika miaka 30, mwana huyo alikuwa anakunywa asubuhi.

Hakuna haja ya kueleza yote. Mwenye ndugu wa namna hiyo anayajua. Leseni ya udereva ilichukuliwa. Mke aliondoka na mtoto kwa miezi saba. Usiku mmoja mama alishuka kwenye chumba cha chini akamkuta mwanawe amekaa sakafuni, mbele yake chupa mbili alizozivunja shingo kwa sababu hakupata kizibuo, na kiganja kinavuja damu. Kesho yake baba alinunua kufuli. Chupa ya 1986 ilikuwa rafu ya tatu, mkono wake ungeifikia, lakini hakuigusa. Baba aliliwazia jambo hilo mara nyingi na hakupata kujua lina maana gani.

Jambo jingine aliloliwazia ni zile glasi za Jumapili. Hakuna daktari anayeweza kuchora mstari ulionyooka kutoka glasi aliyonusa mtoto wa miaka tisa hadi chupa aliyoivunja mtu mzima. Dada mtu alinusa glasi zile zile, na mpaka leo glasi moja humtosha wiki. Lakini baba alikuwa anauchora mstari huo kila usiku, na aliyekuwa anajua ni mkewe tu.

Ndiyo maana siku ya kuzaliwa ilipokaribia, mazungumzo yakawa marefu. Mkwe, mume wa binti, alisema chupa ifunguliwe na shemeji yake aalikwe baadaye, wakati wa keki. Binti alisema kusiwe na mvinyo kabisa mezani. Baba akabadilisha mawazo: iuzwe mnadani, maana Grange za zamani zina wanunuzi wa uhakika, fedha zikawekwe kwenye akaunti ya mjukuu. Simu zilipigwa asubuhi na usiku. Mama alisikiliza yote hayo huku akiendelea na shughuli zake za jikoni, hadi siku moja akauliza, "Mwenyewe mmemuuliza?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Familia nyingi zenye mtu aliyeacha pombe hufanya hivi, na hufanya kwa upendo: humjadili kama mgonjwa asiye na fahamu, wakati yuko nyumbani kwake anakunywa chai na simu iko mezani.

Dada akampigia. Ndugu yake alikaa kimya, kisha akasema, "Wiki tatu mnanizungumzia, leo ndiyo mnazungumza na mimi." Baada ya hapo akasema wafungue. Asingependa chupa ya jina lake iuzwe kwa mtu asiyemjua. Ila alikuwa na masharti yake, na aliyataja moja moja kama mtu aliyekwisha kuyafikiria: funguo za gari zikae kwa mkewe, asiombwe kumimina wala kupitisha glasi, na akiinuka kutoka nje, mtu asimfuate kumuuliza kama yuko salama. Watu wengine walioacha pombe hawawezi hata kukaa chumba kimoja na mvinyo uliofunguliwa, na hakuna aibu kwao kukataa mwaliko kama huo. Yeye alikwishazungumza na mshauri wake kabla ya kujibu.

Julai ni katikati ya baridi kule Adelaide. Jioni hiyo mvua ilinyesha tangu alasiri, na jiko lililokuwa likioka mguu wa mwanakondoo lilipasha nyumba nzima joto. Walikaa watu wanane: wazee wawili, binti na mumewe na msichana wao wa miaka 12, mwana na mkewe na mvulana wao wa miaka tisa. Mwana alikunywa soda ya tangawizi kwenye kikombe cha chai. Glasi ya mvinyo hakuitaka hata kwa soda. Alisema glasi yenyewe ina kumbukumbu zake. Mke wake naye alichukua kikombe.

Mvinyo wa kwanza ulikuja na samaki. Ulikuwa Semillon wa mwaka 2005 kutoka Hunter Valley, kaskazini mwa Sydney, wenye kifuniko cha kuzungusha. Mvinyo huu mweupe ni wa pekee. Zabibu huchumwa mapema kabla sukari haijapanda, hivyo kilevi chake mara nyingi ni asilimia 10 au 11 tu. Ukiwa mchanga ni mkali na mwembamba kama maji ya limau, na mtu asiyeujua hujiuliza kwa nini watu wanalipia. Uache miaka 10, 15, 20: rangi hukolea kuwa dhahabu, na inatoka harufu ya mkate uliobanikwa na asali, mpaka mgeni akaapa ulilazwa kwenye pipa jipya la mwaloni, kumbe haukuliona. Mvinyo mweupe hukolea rangi kwa uzee na mwekundu hupauka, kana kwamba vinakwenda kukutana njiani.

Babu aliufurahia. Kwa mazoea ya miaka 40 akamimina kidogo kwenye glasi tupu na kumsogezea mjukuu wa kiume.

"Unasikia harufu gani?"

"Hapana, Baba," akasema mwana. Hakupaza sauti.

"Ni kunusa tu."

"Najua. Hata kwangu ilikuwa kunusa tu."

Bibi alisimama akauliza nani aongezwe samaki, na hakuna aliyejibu. Binti wa miaka 12, aliyekuwa ameshainamia glasi ya mama yake, akarudisha kichwa nyuma taratibu. Babu aliivuta glasi akaiweka upande wake, na kwa muda alikuwa anatazama kitambaa cha meza. Mwana mwenyewe alikuwa mwekundu masikioni. Wapo watakaosema angenyamaza siku ile moja kwa heshima ya mzee. Lakini mtoto ni wake, na neno lile alikuwa hajapata nafasi ya kulisema miaka yote hiyo.

Nyama ilipoletwa, babu alichomoa kijiti cha rozimari kwenye sahani, akakiponda kwa vidole na kumnyooshea mjukuu. "Na hiki?"

Mvulana alinusa. "Shampuu ya mama."

Wakacheka, mama mtu kuliko wote.

Chupa ya pili ilikuwa Cabernet ya Coonawarra, mahali penye udongo mwekundu juu ya chokaa, upande wa kusini mashariki wa jimbo, ya mwaka 1990. Babu alimimina, akanywa, akasema ni mzuri. Mkwe akasema ni mzuri sana. Binti alipoisogeza glasi puani alisimama hapo hapo. Ulikuwa ule ule mkoba wa shule ulionyeshewa.

"Baba, huu umeharibika na kizibo."

Mzee alinusa tena. Akanusa mara ya tatu, kwa muda mrefu. Halafu akaiweka glasi chini na kusema kwamba pua yake haifanyi kazi tangu mwaka juzi. Chumvi anaisikia, uchachu anausikia, uchungu pia. Harufu ndiyo imekwenda. Alidhani itarudi. Hakumwambia mtu, hata mkewe, kwa sababu aliona ni ujinga mtu wa miaka yake kulalamikia pua. Kupoteza uwezo wa kunusa ni jambo linalowapata wazee wengi, na wengi hulificha kama alivyolificha yeye, ingawa ni vizuri daktari aambiwe, maana asiyesikia harufu hasikii hata gesi inayovuja jikoni.

Mama alimtazama mumewe. "Ndiyo maana unatia chumvi kwenye kila kitu," akasema. Chupa ya Coonawarra ikamwagwa kwenye sinki.

Ilibaki ya 1986. Ilikuwa imesimamishwa wima tangu jana yake, kwa sababu mvinyo mwekundu ukikaa miaka mingi rangi na ule ukakasi wake huungana na kushuka kama mashapo, na yakitibuliwa mvinyo wote huwa kama maji ya tope. Kizibo cha umri huo huvunjika ukikitoboa; baba alikitoa kwa kifaa chenye meno mawili membamba yanayopenyezwa pembeni, na kilitoka kizima, cheusi nusu yake. Kazi iliyobaki ni kumimina kwenye jagi la kioo kwa mkono mmoja, bila kusimama, tochi ikimulika shingo ya chupa kutoka chini, na kukoma pale mashapo yanapofika shingoni. Kazi hiyo inataka mkono usiotikisika. Baba alipoinua chupa, mkono ulitikisika. Akairudisha mezani. Akaiinua tena, akairudisha.

Mkwe alianza kusimama. Alikuwa mwema tu, lakini alikuwa amekwisha kunywa na kuongea sana.

"Niachie mimi," akasema mwana.

Hakuna aliyemwomba, sharti lake mwenyewe ndilo alilokuwa analivunja. Alimtazama mkewe kwanza, na mkewe akachukua muda kabla ya kutikisa kichwa kukubali. Akaenda upande wa baba yake, akaishika chupa kwa mkono wenye kovu kiganjani, akageuza uso pembeni, na kumimina. Ilichukua kama dakika tatu. Mvinyo ulishuka kama uzi, mwekundu wa tofali, na haukukatika hata mara moja. Mashapo yalipofika shingoni alikoma, akiacha kiasi cha vidole viwili ndani. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, akatoka nje kwenye baraza. Hakuna aliyemfuata. Mvulana alitaka kuinuka, mama yake akamwekea mkono begani.

Wanywaji walikuwa wanne. Binti ni mtu wa mahesabu na alikwishafanya hesabu jikoni: kipimo kimoja cha kilevi kule Australia ni gramu 10, na chupa kama ile ina vipimo vinane hivi. Mwongozo wa afya wa nchi hiyo wa mwaka 2020 unasema mtu mzima mwenye afya asizidi vipimo vinne kwa siku na 10 kwa wiki. Yeye ndiye aliyekuwa dereva, kwa hiyo alimimina kidogo mno kwenye glasi yake.

Baba alikunywa akafumba macho. Akamgeukia binti. "Niambie."

"Zabibu," akasema.

Mzee alicheka hadi akakohoa. Ndipo binti akanusa sawasawa, akamweleza polepole, akirudi nyuma kila alipokosea: ngozi ya viatu vipya, tumbaku isiyowashwa, plamu zilizokaushwa, kitu cha chumvi kama mchuzi wa soya, na chini kabisa harufu ya udongo baada ya mvua. Baba alikuwa anakubali kwa kichwa kila neno, kama mtu anayesomewa barua. Alisema ulimini anausikia bado, laini, na ule ukakasi wa ujana umekwisha. Mama naye alionja. Alisema ni mzuri, lakini kama alinunia kitu hicho wiki nzima basi alikuwa na haki.

Mwana aliporudi mabega yake yalikuwa yamelowa. Alikaa, akaomba boga zaidi. Baba alimwambia kwamba haukufa, ulikuwa bado mzima. "Vizuri," akasema, na akauliza kama keki ni ya chokoleti au ya ndimu.

Binti ana chupa yake pia, ya 1983. Ameshasema ifunguliwe Krismasi hii hii, joto lisijali, na mdogo wake hatahitaji kuwepo wakati wa kumimina. Watatumia chujio la chai, mashapo yakipita yapite. Baba hakulipenda wazo la chujio.

Usiku ule, wageni wakivaa makoti, baba alishuka chini na kurudi na kufuli mkononi. Mwanawe alimwambia alirudishe mlangoni, na ufunguo ukae kwa mama.